Bunduki ya Mitutu Miwili na Nchi ya Kwanza

Msafiri aondokaye Bungoma asubuhi kwenda Kwanza hana haja ya kuuliza njia sana, kwa kuwa Mlima Elgon humwongoza. Mlima huo, ambao Wabukusu huuita Masaba, una kimo cha mita 4,321, na mtu akisha kupita Webuye na kuelekea kaskazini huuona mkono wake wa kushoto safari nzima. Barabara hupanda polepole kati ya mashamba ya miwa na mahindi hata ifike Kitale, mji ulioko kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari. Kutoka Kitale njia huendelea kaskazini mpaka Kwanza. Huko nchi imelala wazi, udongo ni mwema, na mahindi yameenea mpaka macho yachoke. Upande wa magharibi ni Elgon, upande wa mashariki ni milima ya Cherangani.

Kwa mtu atazamaye mahindi hayo leo ni vigumu kuamini kwamba miaka mia moja na kitu iliyopita nchi hii ilijulikana ng'ambo kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni tembo. Wageni waliokusudia kuja kuwinda huku walianza kujisumbua kwa swali moja kabla hawajapanda meli: wachukue bunduki gani? Wengi wao waliambiwa kwamba kwa mnyama mkubwa iko moja tu iliyo salama, bunduki ya mitutu miwili. Je, shauri hilo lilikuwa la kweli? Na mtu achaguaye bunduki ya namna hiyo kwa mara ya kwanza yampasa kuangalia nini? Nchi iliyoko kati ya Bungoma na Kwanza inayo majibu yake, na msafiri aweza kuyaokota njiani moja baada ya jingine.

Kwanza ni vizuri kueleza kitu chenyewe. Bunduki ya mitutu miwili inayosemwa hapa si ile ya marisau ambayo mkulima hufukuzia ndege na nyani. Ni bunduki ya risasi moja moja nzito, ila ina mitutu miwili iliyolazwa ubavu kwa ubavu. Hukunjwa katikati, risasi mbili zikatiwa, kisha ikafungwa. Ina vifyatulio viwili. Cha mbele kwa desturi hufyatua mtutu wa kulia, cha nyuma hufyatua wa kushoto. Kila mtutu una mtambo wake. Kwa hiyo mtu aishikaye ameshika kwa kweli bunduki mbili zilizotiwa kitako kimoja, na mtambo mmoja ukivunjika wa pili bado ungali mzima. Risasi ya pili haingoji komeo kuvutwa nyuma na kusukumwa mbele, bali hutoka mara tu kidole kinapohama. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Mnyama akija mbio kutoka kichakani, hatua kumi au kumi na tano tu, hakuna nafasi ya kuvuta komeo.

Lakini sifa hiyo ina mpaka wake, na mpaka huo ni hesabu ya mbili. Baada ya risasi mbili, bunduki hii ni gongo la chuma na mti mpaka ijazwe tena.

Jambo hilo lilimpata mtu mashuhuri. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu katika cheo cha Rais wa Marekani, alikuja Afrika ya Mashariki kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Marafiki zake wa Uingereza walikuwa wamempa zawadi ya bunduki ya mitutu miwili iliyotengenezwa na Holland & Holland wa London. Katika misitu ya Mlima Kenya alimpiga tembo wake wa kwanza kwa mitutu yote miwili, tembo akaanguka. Kabla hajapata kuijaza tena, vichaka vilifunguka upande wake wa kushoto na tembo mwingine dume akamjia. Roosevelt alijibanza nyuma ya mti huku akiyatoa maganda matupu. Mwindaji aliyefuatana naye, R. J. Cuninghame, ndiye aliyefyatua, na tembo yule akageuka akapotea msituni. Roosevelt aliyaandika hayo mwenyewe bila kujificha. Bunduki yake ilikuwa miongoni mwa zilizo bora duniani siku zile. Hata hivyo iliyomwokoa ni bunduki iliyokuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Baadaye mwaka ule ule, mwezi wa Novemba, Roosevelt alifika katika uwanda wa Uasin Gishu na kingo za Mto Nzoia. Mto huo ndio uliolipa jimbo la Kitale na Kwanza jina lake, kwa kuwa Trans Nzoia maana yake ni ng'ambo ya Nzoia. Huko alikutana na Carl Akeley, fundi mkubwa wa kutengeneza sanamu za wanyama kwa ngozi zao halisi, wakawinda tembo kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Kundi la tembo la Akeley lingaliko katika jumba hilo, na watoto wa shule wa Marekani hulizunguka kwa mshangao. Ni wachache wao wajuao kwamba baadhi ya tembo wale walikunywa maji ya Nzoia.

Basi kwa habari hizo mtu angedhani kwamba hakuna mwindaji aliyefika nchi hii bila bunduki ya mitutu miwili. Sivyo. Kusini ya Bungoma uko mji wa Mumias, ambao kabla ya reli ulikuwa kituo cha misafara ya Waswahili na Waarabu waliokuja kutafuta pembe. Kutoka hapo misafara iliuzunguka Mlima Elgon kwenda Karamoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 njia hiyo ilifuatwa na kijana Mskoti aliyeitwa Walter Bell, ambaye baadaye watu walimpa jina la Karamojo Bell. Katika maisha yake aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya mtutu mmoja yenye komeo, ya ukubwa wa 275, ambayo wengine huitumia kwa swala na kongoni. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 tu. Bunduki ya mitutu miwili alikuwa nayo vilevile, lakini aliacha kuitegemea.

Bell alikuwa na hoja yake. Alisema kwamba risasi kubwa iliyopotea shabaha haina faida, na risasi ndogo iliyofika kwenye ubongo haina haja ya kuwa kubwa. Alijifunza umbo la kichwa cha tembo kwa kukipasua na kukitazama, hata akajua ubongo uliko kwa kila upande mnyama asimamapo. Bunduki yake nyepesi haikumchosha kwa mwendo wa siku nzima, wala haikumpiga bega hata akaanza kuogopa kufyatua. Huo ndio mzizi wa maneno yote juu ya bunduki: mtu aiogopaye bunduki yake mwenyewe hufumba macho afyatuapo, na afumbaye macho hapati shabaha.

Hata hivyo si busara kumwiga Bell. Yeye alikuwa mlenga shabaha wa ajabu, na aliwinda mara nyingi katika nchi iliyo wazi, mahali tembo walipokuwa bado hawajazoea kuwindwa. Wengi waliotaka kufanya kama yeye ndani ya misitu myembamba ya mianzi na vichaka vizito hawakurudi kusimulia. Kwa sababu hiyo nchi nyingi ziruhusuzo uwindaji zimeweka sheria ya ukubwa wa bunduki. Tanzania, kwa mfano, hairuhusu bunduki iliyo chini ya 375 kwa wanyama wa hatari. Bunduki ya Bell leo isingepata ruhusa.

Kwa hiyo shauri la watu wenye ujuzi limesimama katikati ya Roosevelt na Bell, nalo laweza kuelezwa kwa maneno machache.

La kwanza ni mwili wa mtu mwenyewe. Bunduki hununuliwa kama viatu, si kama saa ya ukutani. Mnunuzi asimame wima, afumbe macho, ainue bunduki begani kama apendavyo, kisha afumbue. Akikuta kilengeo cha mbele kimekaa ndani ya kile cha nyuma bila yeye kuinama wala kunyoosha shingo, kitako kimemfaa. Kama sivyo, ama fundi akirekebishe, ama aiache hata ikiwa ina nakshi za fedha. Mbele ya mnyama ajaye mbio hakuna atafutaye kilengeo. Bunduki huenda yenyewe inakoelekezwa na macho, au haiendi.

La pili ni ukubwa. Wageni wengi wa zamani walinunua kubwa kuliko zote kwa kudhani kwamba ukubwa utaziba upungufu wa shabaha. Ile ya 600 ina uzito wa kiasi cha kilo 7, na bega la mtu huikumbuka kwa siku kadhaa. Ile ya 470, iliyopendwa na wengi, ina kilo 4 na nusu mpaka 5, na risasi yake ni gramu 32. Iko pia ya 450/400, ambayo risasi yake ni gramu 26; teke lake ni la upole zaidi, na kwa mtu anunuaye bunduki ya kwanza ndiyo ambayo wazee wa kazi husifu. Afadhali risasi ya wastani aliyoizoea kwa mazoezi mia kuliko kubwa aliyoifyatua mara tatu akaichukia.

La tatu ni mitutu yenyewe kukubaliana. Hapa ndipo penye siri ya bei. Mitutu miwili iliyounganishwa haipigi mahali pamoja kwa bahati. Fundi huiunganisha kwa muda, huipeleka uwanjani, huifyatua, hutazama matundu katika karatasi, huyeyusha risasi ya bati, husogeza mitutu kwa unene wa unywele, hufyatua tena, hata risasi ya kulia na ya kushoto zikutane mahali pamoja kwa umbali wa yadi 50 mpaka 100. Kazi hiyo huweza kuchukua siku nyingi. Tena hufanywa kwa aina moja ya risasi na kipimo kimoja cha baruti. Mtu akitia risasi ya uzito mwingine, mitutu huanza kugombana, mmoja ukapiga kulia na mwenziwe kushoto. Kwa hiyo kabla ya kulipa fedha yampasa mnunuzi kujua bunduki ilipimwa kwa risasi gani, na kama risasi hizo bado zapatikana. Kisha aifyatue mwenyewe, mtutu huu na huu, juu ya karatasi moja.

Hapo msomaji atauliza kwa nini ukubwa wa bunduki hizi una hesabu nyingi hivyo. Sababu mojawapo ni sheria. Mwaka 1898 John Rigby alitoa bunduki ya 450 yenye baruti mpya isiyo na moshi, ikapendwa mno. Lakini yapata mwaka 1907 serikali ya Kiingereza ilikataza risasi za ukubwa huo katika Bara Hindi na Sudan, kwa kuogopa kwamba zingeweza kuangukia mikononi mwa waasi waliokuwa na bunduki kuukuu za jeshi za ukubwa uo huo. Mafundi wa London na Birmingham, kwa kuogopa kupoteza wanunuzi, wakatengeneza 465, 470, 475 na nyinginezo. Joto nalo lilikuwa na neno lake. Baruti ya siku zile huzidi nguvu mahali pa jua kali, na ganda lililovimba hukwama ndani ya mtutu. Ndiyo maana bunduki hizi zilipewa maganda marefu na mapana, ili baruti isijisonge sana, na ganda litoke kwa urahisi katika jua la Afrika.

La nne ni kuchunguza bunduki iliyotumika, kwa kuwa bunduki mpya ya mitutu miwili kutoka kwa mafundi wakubwa wa London huweza kuuzwa kwa zaidi ya pauni laki moja. Ya zamani hupimwa kwa mikono na masikio. Mitutu hutolewa, hutundikwa kwa kidole, hugongwa kidogo kwa ukucha. Ikilia kama kengele, maungio yake ni mazima. Ikitoa sauti ya chungu chenye ufa, bati iliyoishika imeachia. Kisha bunduki hufungwa na kutazamwa mbele ya taa. Mwanga ukionekana kati ya mitutu na mahali inapokaa, imechakaa. Ndani ya mitutu hutazamwa kutu, kwa sababu fataki za zamani zilikuwa na chumvi iliyokula chuma kama bunduki haikuoshwa jioni ile ile.

Hilo la kuosha bunduki jioni linaleta habari ambayo vitabu vingi vya uwindaji huipita kwa haraka. Nani aliyeiosha? Nani aliyeibeba mchana kutwa, kilo 5 begani, katika nyasi zilizozidi kimo cha mtu? Nani aliyesimama nyuma ya mwindaji na bunduki ya pili, pasipo ruhusa ya kuifyatua, akingoja mkono wa bwana unyooshwe nyuma? Alikuwa Mwafrika mbeba bunduki. Roosevelt katika kitabu chake cha mwaka 1910 aliwataja watu wake kwa majina: Muhamed, Bakari, Kongoni, Gouvimali. Wengi wa wawindaji wengine hawakutaja.

Watu hao ndio waliojua alama za miguu, upepo unakotoka, na kama kinyesi kina saa moja au usiku mzima. Bwana alichagua bunduki dukani kwa fedha. Wao waliichagua kwa maisha yao, kwa kuwa ikikwama, mnyama hakuuliza nani mwenye leseni. Mwenye leseni naye alikuwa mtu wa namna moja. Leseni kubwa ya uwindaji kwa wageni ilikuwa pauni 50, wakati mpagazi alipata rupia chache tu kwa mwezi. Na Mwafrika, hata akiwa na fedha, serikali ya kikoloni haikumpa ruhusa ya bunduki isipokuwa kwa nadra sana. Aliyewinda kwa mkuki au mshale kama baba zake aliitwa mwizi wa wanyama.

Msafiri apitaye Webuye aweza kuinua macho na kuona milima ya Chetambe, akafahamu chanzo cha hofu hiyo. Mwaka 1895 Wabukusu walipigana huko na jeshi lililoongozwa na C. W. Hobley, wakiwa ndani ya boma lao, na jeshi lile lilikuwa na bunduki ya Maxim. Miongoni mwa mambo yaliyoleta vita hivyo ni bunduki za askari zilizoingia mikononi mwa Wabukusu, ambazo serikali ilitaka zirudishwe. Basi katika nchi hii swali la nani ashike bunduki lilitangulia swali la bunduki ya namna gani, na watu wengi walilipa kwa damu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walowezi wa Kizungu walipewa mashamba ya Trans Nzoia, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Jembe na ng'ombe wa kulima, na baadaye trekta, vilifanya kazi ambayo bunduki peke yake isingeweza kuimaliza: nyika ikawa shamba, na tembo wakarudi nyuma mpaka msitu wa Elgon. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaligawanywa au kununuliwa na Waafrika. Kampuni ya mbegu iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956 ilieneza mahindi ya namna mpya, na Kwanza ikawa miongoni mwa sehemu ziilishazo Kenya. Mwenye shamba wa leo akisema amenunua bunduki, jirani zake hushtuka. Akisema amenunua trekta, huja kumpongeza.

Kisha, mwezi wa Mei mwaka 1977, Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa wanyama wakubwa, na mwaka uliofuata biashara ya pembe na ngozi ikafungwa. Marufuku hayo hayajaondolewa. Mwenye kutaka kuitumia bunduki ya mitutu miwili kwa kazi iliyotengenezewa yampasa kwenda nchi nyingine, kama Tanzania, ambako uwindaji hufanywa kwa leseni katika maeneo yaliyotengwa. Hapa Kwanza swali la bunduki ya kwanza ya kuwindia limekwisha kujibiwa na sheria: hakuna.

Wako walionung'unika, na si wawindaji peke yao. Mkulima aliye karibu na msitu wa Elgon, ambaye usiku mmoja amepoteza mahindi ya miezi sita kwa tembo au nyati, hapati faraja kwa kuambiwa kwamba wanyama ni mali ya taifa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaagiza fidia, hata shilingi milioni 5 kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama, lakini wakulima wa sehemu nyingi za Kenya wamelalamika kwamba malipo hukawia. Neno hilo ni la haki nalo lapasa kusikiwa. Mtu aliyenyimwa bunduki kwa ajili ya wanyama ana haki ya kulindwa na yule aliyemnyima.

Hata hivyo yafaa msafiri asirudi kabla ya kwenda mpaka Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyofunguliwa mwaka 1968, mwendo mfupi magharibi ya Kwanza kwa njia ya Endebess. Huko liko pango liitwalo Kitum, ambalo huingia ndani ya mlima kwa mita 200 hivi. Usiku tembo huingia pango hilo gizani, wakipapasa njia kwa mikonga yao, mama wakiwatanguliza watoto, ili kukwangua kwa pembe zao mawe yenye chumvi na kuyala. Kuta zimejaa alama za pembe za vizazi visivyohesabika. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwaua wengi sana, tena kwa bunduki za vita, zisizohitaji ustadi wa Bell wala ujasiri wa kungoja mnyama kwa hatua kumi na tano. Waliosalia ndio wanaokwangua mpaka leo.

Atazamapo alama hizo, mtu hufahamu kwamba mashauri yote ya kuchagua bunduki njema yalikuwa, kwa asili yake, mashauri ya kujizuia. Kitako kimfae mtu, ili asijeruhi mnyama na kumwacha ateseke. Ukubwa uwe wa wastani, ili asifumbe macho. Mitutu ikubaliane, ili risasi ya pili isipotee. Na hesabu iishie mbili, ili mtu asisogee kwa mnyama bila kufikiri kwanza. Mwindaji mwema wa zamani alijulikana kwa risasi alizorudi nazo nyumbani kuliko zile alizozitumia. Wazee walisema: simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Jioni, msafiri arudipo Kwanza, huona moshi ukipanda kutoka jikoni, na vijana wakirudisha ng'ombe kwa fimbo. Mlima umesimama mahali pake. Ndani ya msitu, nyuma ya mashamba yale, mkubwa wa kundi anaanza kuwaongoza wenziwe kwenda pangoni, na njia aifuatayo ni ile ile iliyofuatwa na mama yake kabla bunduki yoyote haijafika Nzoia.